Sikio Ndani ya Jeli

Jumatatu hiyo maabara ilinuka kibuyu cha maziwa. Yustina alisimama mlangoni, ufunguo ungali mkononi, akavuta pumzi tena kuhakikisha. Pale hunuka spiriti na sakafu iliyodekiwa, basi. Lakini hii ilikuwa harufu ya kibuyu kilichofukizwa moshi, vile alivyofanya mama yake kule Ihanja, na mama yake alikuwa na miezi mitatu kaburini.

Maabara yenyewe ilikuwa nyumba ya vyumba viwili pale Utemini. Mkuu wake, Daktari Leonidas, alikaa Dodoma na kuja mara moja kwa mwezi, na haraka zake. Faith, mwenzake Yustina wa kazi, alikuwa ameolewa na kuhamia Manyoni. Zilipita siku nzima Yustina asizungumze na mtu ila muuza chipsi.

Kazi ilikuwa kukuza seli za ngozi, ili siku moja walioungua wapate viraka. Seli huchanganywa na jeli laini ya mwani iliyoshiba maji, mchanganyiko ukatiwa kwenye bomba la sindano, na printa ikauchapa tabaka juu ya tabaka. Kisha umbo huwekwa katika kabati la joto na kulishwa maji ya rangi ya waridi yenye chakula chake. Sheria ya mle ndani ilikuwa moja: sampuli ina namba, haina jina.

Yustina aliivunja. Mama yake, Scholastika, alipokuwa mgonjwa alitoa kipande cha ngozi yake, akicheka kwamba binti amekosa ng'ombe wa kukamua, sasa anamkamua yeye. Alipofariki, Yustina alizichapa seli zile zikawa sikio. Msomi mzima wa digrii mbili kachapa sikio la marehemu apate wa kuongea naye. Kila asubuhi alifungua kabati, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo mama," kisha akalisimulia habari za jana. Ucheke ukitaka, upweke ulikuwa umemfika kooni.

Sikio lilipaswa kufa. Jeli nene isiyo na mishipa haifikishi chakula katikati, na seli za ndani huoza baada ya muda. Wiki ya kumi na moja darubini ilionyesha zote zi hai, na nyingine zimeongezeka. Yustina alifurahi, akamficha Daktari habari hiyo.

Baada ya harufu ile ya Jumatatu ikaja sauti ya mtu kumeza mate, nyuma ya mlango wa kabati. Na Jumamosi, saa sita ya mchana, jua likiwaka hadi mabati yanalia, alikuta bomba la printa ni tupu ilhali aliliacha limejaa, akafuata matone ya jeli mezani na sakafuni mpaka kwenye kabati ambalo alilifunga mwenyewe, akalifungua, na mdomo wake, kwa mazoea tu, ukaamkia kabla macho hayajaona kwamba pembeni ya sikio imechapwa midomo miwili, minene, yenye unyevu, nayo inafunguka.

"Marahaba," ikasema.

Hakumbuki alivyofika barabarani.

Jumapili bodaboda ilimleta Mzee Idrissa kutoka Ilongero, mtu wa visomo, mpole, mwenye koti kuukuu. Hakuingia. Alisikiliza kisa chote akiwa getini, akauliza kama lile sikio liliwahi kukataa salamu. Yustina akasema halikuwa na mdomo wa kukataa.

"Ndiyo hivyo, mwanangu," Idrissa alinong'ona. "Kilikuwa chombo kitupu. Ukakiamkia kila siku, ukakipa kiti cha mzazi wako. Jini limeona kiti, limekaa. Mimi siwezi kuliondoa, maana sikulikaribisha mimi."

Akamwagiza aingie na chupa ya jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo, amimine yote juu ya sikio, na asilijibu jini neno lolote. Akilijibu safari hii, hali anajua ni nani, litakuwa lake mpaka kufa. Yustina akauliza, kwa sauti ndogo, kama mama yake yumo hata kidogo. Idrissa akasema hayumo.

Yustina akaingia, akafungua kabati. Midomo ilikuwa imekauka kidogo pembeni, kwa kuwa hakuilisha jana, na hilo likamuuma. Akafungua kizibo. Macho yakamchoma kwa ile harufu kali, akainua chupa.

"Yustina," ikasema midomo, polepole. "Umekula?"

Tangu mazishi hakuna aliyemwuliza hivyo. Watu walimpa pole, wakamwuliza mirathi, wakamwuliza ataolewa lini. Alijua si mama. Mama hakuwa na sauti ile, na wala hakuwahi kumwita kwa jina hilo la ubatizo. Alijua kabisa. Machozi yakamtoka, akaweka chupa chini.

"Bado," akajibu.

"Pole. Nitengenezee macho, nikuone ulivyokonda."

"Seli za mama zimekwisha."

"Zako zipo."

Idrissa aliita kutoka getini, mara mbili, akitaka kujua kama kazi imekwisha. Yustina alisogea dirishani, akamwambia imekwisha, akamshukuru, akamtakia safari njema. Kisha akavuta pazia, akaketi karibu na kabati kuchagua mkono wa kukata ngozi, ule utakaouma kidogo.