Picha Iliyofunga Ofisi

Kila alasiri msichana mmoja, aliyeitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika, alitoka shule moja kwa moja hadi ofisi ya usajili wa vizazi. Mama yake alikuwa karani hapo. Chiriku alifanya hesabu zake pembeni akisubiri ofisi ifungwe.

Siku hiyo mama alikwenda masjala kutafuta jalada, akaiacha kompyuta wazi. Barua pepe ikaingia: “Picha za wafanyakazi bora. Fungua uone kama umo.”

“Mama hawezi kukosa!” Chiriku akajisemea. Akachungulia mlangoni, akabonyeza.

Hakuna picha iliyotokea. Kioo kiligeuka cheusi, kikaandika kwa herufi nyekundu: “Ofisi hii imeondolewa kwenye mtandao. Usizime kompyuta. Fundi anakuja.” Chiriku akarudi kitini mbio na kuinamia daftari alilolishika juu chini.

Kompyuta zote zikasimama. Mama aliporudi alishika kichwa. “Nani amegusa hapa?”

“Sijui, mama.”

Dirishani, mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni alilalamika. “Nimetoka kwangu alfajiri, jamani. Mtoto anahitaji cheti, kesho analazwa hospitali!”

Baada ya nusu saa aliingia fundi wa usalama wa mitandao, mama wa makamo mwenye miwani. Aliikagua kompyuta, kisha akamgeukia mkuu wa ofisi.

“Programu ya akili bandia inayolinda ofisi za serikali imeona kompyuta hii ikianza kutuma majina ya watoto nje. Imefunga kila kitu kwa sekunde mbili. Mimi ningekuwa bado natafuta miwani.” Akamtazama karani. “Lakini haijajua mwizi alipitia wapi. Ulifungua nini, dada?”

“Sijafungua kitu, wallahi.”

“Nenosiri lililotumika ni lako.”

Mkuu wa ofisi akakunja uso. Mama akaketi, akajifunika uso kwa viganja. Chiriku hakustahimili kumwona hivyo.

“Ni mimi, shangazi,” akasema, machozi yakimlengalenga. Akaeleza yote, hata maneno ya ile barua.

Fundi hakumkaripia. Akaandika maneno yale kwenye kompyuta yake ndogo na kuiagiza programu itafute. “Barua hii imeshaingia ofisi kumi na nne! Bado hakuna mwingine aliyeifungua.” Ikafutwa kote papo hapo. Muda si muda kompyuta nyingine zilirudi kazini, na yule mwanamke akaondoka na cheti chake.

“Na mimi nina kosa,” mama akakiri mbele ya mkuu wake. “Niliondoka bila kufunga kompyuta.”

Fundi akamshika Chiriku bega. “Usifungue usichokijua, wala usiguse kompyuta ya mtu. Ukishakosea, sema mapema. Mashine yetu ina macho makali, mwanangu, lakini haikuona kidole chako kikibonyeza. Ungenyamaza, tungekuwa tunazima moto katika ofisi kumi na nne.”