Fundi Aliyekata Chandarua

Asubuhi cherehani ya Fundi iliimba polepole dirishani, na mtaa ukaamka kwa sauti yake. Nyuma ya pazia binti yake, mjamzito wa miezi saba, alilala ndani ya chandarua kipya, cheupe kama ukungu. Alisema humo ni kama kulala ndani ya wingu.

Fundi alikuwa amekikata mwenyewe. Wakubwa wa afya walipokileta kilikuwa kirefu, kikiburuta sakafuni, na mtu aliyeshona miaka thelathini havumilii pindo linaloburuta. Akakipunguza mpaka kwenye ukingo wa kitanda. Majirani walikisifu. Sita wakaleta vyao, navyo akavikata.

Siku hiyo binti hakuinuka. Alitetemeka huku mwili unawaka, akasema mtoto hajacheza tumboni tangu alfajiri. Homa kama hiyo ndiyo iliyomchukua mkewe, na zahanati siku ile haikuwa na hata kidonge.

Akamkimbilia Mama Daftari, jirani aliyefundishwa kuwa mhudumu wa afya wa mtaa. Huyo hakupoteza muda, akawapeleka zahanati. Kipimo kilionyesha malaria. Mkunga akasikiliza tumbo kitambo kirefu. Fundi alimwangalia usoni bila kupepesa. Mwishowe mkunga akatabasamu: moyo wa mtoto ulikuwa unadunda. Binti akapewa dawa, akaambiwa azimalize hata akijisikia mzima.

Waliporudi, Mama Daftari akaomba kuona kitanda. Akapitisha mkono chini ya pindo; ukaingia bila kugusa kitu. Ndani, mbu watatu walioshiba damu walikuwa wamejibandika kwenye kitambaa.

Fundi akawaka kwa hasira. Wakubwa walishusha vyandarua, wakapiga picha, wakaacha karatasi ya herufi ndogo, wakaondoka na vioo vya gari vimefungwa. Nani alieleza chochote?

"Hapo sikubishii, kaka," alisema Mama Daftari. "Nitalisema kwenye kikao cha mtaa. Lakini mkasi uliushika wewe."

Fundi akashika pindo alilolikata.

"Sasa urefu ule ulikuwa wa nini?"

"Wa kuchomeka chini ya godoro, pande zote. Mbu asipate mlango."

Kabla jua halijatua, Fundi alikuwa ameshaunga kitambaa cha pamba kuzunguka chandarua chote. Kesho yake akapita nyumba sita, akiomba radhi kila mlango. Mmoja akamtania kwamba sasa anashona kaptula kuwa suruali. Fundi akacheka, akaendelea kuunga.

Binti alipona, akajifungua salama, msichana mwenye mashavu ya kujaa.

Gari la wakubwa lilipokuja tena na vyandarua, Fundi alisimama mbele yake, mjukuu begani.

"Leo hakuna anayeondoka mpaka watu waelezwe."

Mkubwa akashuka, akakunjua chandarua, akakigeuza huku na huku. Hakujua aanzie wapi. Fundi akampa binti yake mtoto, akakitoa mikononi mwa yule bwana, na mbele ya mtaa mzima akaanza kuonyesha kinavyochomekwa chini ya godoro.