Thelathini na Nane kwa Mia

"Salvina, nimepata 38 kwa mia. Baba yako nimeshamtumia picha ya karatasi. Usinisubiri tena. Ng'ombe waliokuja kwenu wabaki hukohuko. Ndaki."

Ujumbe huo niliusoma nikiwa kazini kwangu Kahama, nimesimama kwenye mashine ya kukoboa mpunga, vumbi la pumba limenijaa mpaka kwenye kope. Nikausoma tena. Kisha nikazima mashine.

"We dada, mpunga wetu!" wateja wakaanza.

"Mpunga wenu hauozi kwa saa moja. Mimi hapa naachwa kwa meseji, nyie mnanililia mchele?"

Mama mmoja akanisogezea ndoo nikae, lakini sikukaa. Mimi nikiumia siwezi kukaa.

Ndaki ni mchumba wangu. Miezi tisa kabla ya siku hiyo alikuwa chini ndani ya duara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo huko upande wa Geita, jiwe likachomoka juu kwenye matimba, magogo ya kuzuia udongo, likampiga kichwani. Alilala siku kumi na moja bila kufungua macho. Alipoamka ilibidi ajifunze upya kushika kijiko na kufunga vifungo vya shati. Mahari ilikuwa imeshatolewa. Baba yangu, Mzee Deogratias wa Ushirombo, akasema hatutatangazwa kanisani mpaka aone karatasi ya hospitali inayosema mkwe amepona. Sasa karatasi ndiyo hiyo.

Nikapiga. Mara ya nne akapokea.

"Ndaki, umelewa?"

"Sijalewa."

"Hiyo meseji nani kaandika?"

"Mimi. Wamenipima naweza nini na siwezi nini. Salvina, mimi siyo hata nusu mtu. Nusu ni hamsini."

"Nakuja."

"Usije."

"Sijakuomba ruhusa, nakupa taarifa."

Nilipokata tu, simu ya Baba ikaingia.

"Umeiona hiyo aibu? Thelathini na nane! Mtoto wa darasa la nne akileta hizo nyumbani, namfuata mwalimu wake! Jumamosi wazee wanakaa hapa kwangu, na ng'ombe wanarudi kwao."

"Shikamoo kwanza, Baba."

"Marahaba. Ng'ombe wanarudi."

Ilikuwa Jumanne. Nikamwachia mdogo wangu funguo za mashine, nikapanda basi la Shinyanga, na kesho yake asubuhi nikawa Mhunze, nyumbani kwa kina Ndaki.

Nilimkuta zizini. Ng'ombe mmoja alikuwa amelala ubavu anakoroma kwa uchungu, ndama kageuka tumboni, miguu ya nyuma ndiyo imetangulia. Ndaki alikuwa kapiga magoti, mkono umezama mpaka kwenye kiwiko, anasubiri ng'ombe asukume ndipo na yeye avute. Hakuwa na haraka wala hakupiga kelele. Baada ya muda ndama akateleza chini. Ndaki akamsafisha pua kwa majani, akampuliza, akampiga ubavuni, ndama akapiga chafya.

Ndipo aliponiona.

"Nilikuambia usije."

"Na mimi nilikuambia nakuja. Nawa mikono, lete karatasi."

Mama yake akatoka jikoni mbio, kitenge kinamfunguka, akaniamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mkwe wangu!"

"Mwangaluka, mayu. Shikamoo. Nimekuja kwa ajili ya karatasi."

Furaha ikamtoka usoni. Akaingia ndani, akaitoa chini ya godoro kama mtu anayetoa barua ya msiba. Nikaanza kuisoma kwa sauti.

"Anaweza kupika chakula cha kawaida? Hawezi. Anaweza kufua nguo zake? Hawezi. Kutandika kitanda? Hawezi. Kupanda gari peke yake kwenda mjini? Hawezi. Kuanzisha mazungumzo na watu? Hawezi." Nikainua macho. "Nani kajibu haya?"

"Mimi," mama akasema. "Siku ile kichwa kilimuuma, akalala kwenye benchi. Dada wa hospitali akaniuliza mimi ninayeishi naye. Ningedanganya?"

"Kwa hiyo Ndaki hawezi kupika?"

"Mwanangu, tangu nimzae huyu hajawahi kushika mwiko! Kwetu hapa mwanaume akionekana anafunua chungu, majirani wanakuja kuuliza nani kafiwa na mke."

"Na kufua?"

"Anafuaje mimi nipo, dada zake wapo?"

"Na gari?"

"Sijamruhusu. Naogopa."

"Na mazungumzo?"

"Huyu? Hata kabla ya jiwe alikuwa bubu! Wewe mwenyewe unajua alichukua miezi mingapi kukutongoza."

Miezi saba. Jamani, niliketi chini pale pale kwenye vumbi nikacheka mpaka machozi yakatoka, na katikati ya kucheka nikagundua kwamba nalia kweli. Mtu wangu alikuwa ananiacha kwa sababu hajui kutandika kitanda!

Ndaki hakucheka.

"Salvina, usifurahi haraka. Mengine ni ya kweli. Nasahau. Kelele zikizidi kichwa kinataka kupasuka. Mchana nguvu zinaisha, naanguka usingizi kama mtoto."

"Najua."

"Hujui. Wewe uko Kahama, unanisikia kwenye simu nikiwa nimeshapumzika."

Hapo alinishika pabaya. Nikafuta uso.

"Basi twende tukapime vizuri. Kama ni thelathini na nane ya kweli, nitaipokea ya kweli. Ya kutandika kitanda siikubali."

"Na mimi je?" mama akauliza kwa sauti ndogo. "Nimemponza mwanangu?"

"Mayu, umesema ukweli. Tatizo ni kwamba walikuuliza anaweza nini, wewe ukawajibu huwa anafanya nini."

Alhamisi tukawa kwenye hospitali moja mjini Shinyanga, kwenye chumba cha utengamao, mahali wanapowafundisha waliopata ajali kurudia maisha yao. Mtaalamu wake anaitwa Evelina, dada mwembamba, miwani imening'inia kwa kamba. Nikamweleza yote. Akasikiliza, akaivuta karatasi ya zamani, akapiga kiganja kwenye paji la uso.

"Loo! Hiki kipimo kinatafuta kama ubongo unaweza kupanga kazi hatua kwa hatua. Hatuulizi kama nyumbani kwenu ni kazi ya nani. Ndaki, leo utajibu mwenyewe, na mengine utayafanya mbele yangu. Unajua ugali unavyopikwa?"

"Nimeuona ukiiva."

"Nitakueleza mara moja tu. Jiko lile pale."

Akamweleza: maji yachemke, unga kidogo kwanza, kisha mwingine, songa, geuza, zima jiko. Ndaki akasimama mbele ya sufuria anaiangalia kama ng'ombe asiyemjua. Lakini alianza. Akafuata hatua zote, hata kuzima jiko hakusahau. Ugali ulitoka na madonge, na upande mmoja umeungua. Evelina akaumega, akatafuna.

"Mbaya," akasema. "Lakini ni ugali. Pointi zote."

Akafua shati. Akatandika kitanda. Akatumwa peke yake kwa bajaji mpaka sokoni kuleta vitu vitatu, akarudi navyo vitatu. Nikaanza kujisikia nimeshinda. Ndipo Evelina akamsomea maneno matano: jembe, chumvi, kanisa, mvua, kiatu. Wakaongea habari nyingine kidogo, kisha akamwambia ayarudie.

"Jembe," Ndaki akasema. "Chumvi." Jasho likamtoka puani. "Ka... Chumvi nimeshasema."

Nilikuwa nimekaa nyuma ya Evelina. Nikafungua mdomo, nikatengeneza neno bila sauti: kanisa. Ndaki akaniona. Akapiga meza kwa ngumi, vikombe vikaruka.

"Usinisaidie! Unataka kuolewa na mimi au na maksi?"

Sijawahi kumsikia akinifokea. Evelina hakushtuka, aliandika tu kitu kwenye karatasi yake. Mimi nikatoka nje, nikasimama ukutani. Nilijionea haya. Siku tatu nilikuwa nampigania, kumbe nilichokuwa naogopa ni karatasi ileile aliyoiogopa Baba.

Ndaki akanifuata.

"Nisamehe kwa kufoka."

"Nisamehe kwa kuiba majibu."

"Haya ya kufoka nayo ni ya jiwe, Salvina. Zamani sikuwa hivi."

"Zamani ulikuwa hunifokei, na ulikuwa hunizungumzishi. Angalau sasa najua unachofikiria."

Akatabasamu kidogo. Tukarudi ndani. Matokeo: sabini na mbili.

"Na kuna kitu lazima niwaambie," Evelina akasema. "Miezi sita iliyopita mtu huyu alikuwa hawezi kufunga kifungo. Pengine atapanda zaidi, pengine atabaki hapa. Sitawadanganya."

"Wabeja," Ndaki akamwambia. Asante, kwa Kisukuma, kwa sababu asante nyingine hazikumtosha.

Jumamosi tukaingia Ushirombo saa tano asubuhi. Sebuleni walikuwa wamekaa Baba, baba mdogo Theonest na wazee wawili wa jumuiya. Nje, vijana walikuwa tayari na kamba za kuwafungia ng'ombe. Tukaamkia, nikaweka karatasi mpya mezani.

Baba akavaa miwani.

"Sabini na mbili. Afadhali. Lakini siyo mia. Mwanangu simpeleki kwa mtu mwenye upungufu."

"Baba, naomba nikupime na wewe."

"Unipime mimi?"

"Kwa karatasi ile ya kwanza uliyoiamini. Maswali machache tu. Unaweza kupika ugali?"

"Nina mke."

"Sijauliza una nani. Hapo ni sifuri. Kufua shati lako?"

"Salvina!"

"Sifuri. Kutandika kitanda?"

Sauti ya Mama ikapasuka kutoka jikoni: "Andika sifuri, mwanangu! Miaka thelathini na miwili natandika mimi!"

Theonest akaanza kukohoa, ndiko kucheka kwenyewe huko. Sikukoma.

"Dawa za presha, unakumbuka mwenyewe saa ya kuzimeza?"

"Namkumbusha mimi!" Mama tena.

"Baba, kwa hesabu yangu umepata sifuri tupu. Ndaki kakupita hata kwenye karatasi ya kwanza. Je, turudishe na wale ng'ombe uliowapeleka kwa kina Mama?"

Wazee wakacheka mpaka mmoja akaangusha fimbo. Baba hakucheka. Mishipa ya shingo ilimsimama, nikajua nimevuka mpaka. Lakini kabla hajafungua mdomo, Ndaki akainuka, kofia mkononi.

"Baba, naomba usimsikilize Salvina. Yeye anapenda kushinda."

Nikamgeukia, yeye akaendelea.

"Mimi nataka ujue unayemkabidhi mwanao. Machimboni sirudi, nitafuga. Majina ya watu yananipotea. Ikifika saa saba mchana lazima nilale, nisipolala natetemeka. Mwezi wa pili nilimfokea mama yangu kwa sababu ya redio, nikaenda kulia zizini. Juzi nimemfokea Salvina. Hizo pointi ishirini na nane zilizokosekana ndizo hizo. Si za ugali. Ukisema hapana kwa sababu ya hayo, nitaelewa. Lakini nampenda, na safari hii nimekuja kusema mwenyewe, sikutuma meseji."

Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoniambia mimi miezi saba yote ile. Hakuna aliyecheka tena.

Baba akavua miwani, akaniangalia mimi.

"Siku akisahau jina lako, utafanya nini?"

"Nitamtajia."

"Akisahau tena?"

"Nitamtajia tena."

"Na kesho yake? Na mwaka wa kumi?"

"Baba, Mama anakukumbusha dawa kila jioni, huu mwaka wa nne. Umeshawahi kumsikia analalamika?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa unga. Baba akamtazama muda mrefu, namna ambayo sijawahi kumwona akimtazama, kisha akainamisha kichwa.

"Theonest," akasema hatimaye, "waambie hao vijana wakatundike kamba. Na kesho namwona paroko, aanze kututangazia." Akamgeukia Ndaki. "Wewe. Saa saba inakaribia. Kuna kitanda chumba cha pili. Nenda kalale, hapa ni kwenu."

Nilimkumbatia Baba shingoni mbele ya wazee, kitu ambacho kwetu hakifanywi, nikamlilia begani mpaka akaniambia nimemlowesha shati.

"Na hujui kulifua," nikamwambia.

Ndoa yetu ilifungwa wiki nne baadaye, misa ya saa mbili asubuhi. Niliamua mwenyewe: hakuna spika, hakuna muziki wa kupasua masikio, watu waimbe kwa vinywa vyao na kupiga makofi. Wapo walionong'ona kwamba harusi gani inaanza asubuhi na kuisha kabla ya jua kukaa sawa. Nikawaacha wanong'one, pilau yangu wakaila. Saa saba kasoro robo nikasimama na shela langu, nikawashukuru wageni wote, nikamshika mume wangu mkono.

"Jamani, kaeni, kuleni, imbeni," nikawaambia. "Sisi tunakwenda kulala."

Walicheka mji mzima. Nikafunga mlango, na Ndaki akalala usingizi mzito kichwa chake mapajani mwangu, mpaka saa kumi.