Maziwa Yanapita, Mifupa Ina Njaa

Kila asubuhi Yar alinunua kikombe cha maziwa ya mbuzi. Muuzaji, mama Mturkana aitwaye Namuria, alimletea hadi mlangoni pale Kakuma, kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Kenya. Yar aliyachemsha, akayapoza, akamnywesha binti yake Ayak. Kisha alimlaza ndani, akateremsha pazia, akakaa nje kuuza chai.

Ayak alikuwa amemaliza miaka miwili na bado hatembei. Akisimamishwa, miguu ilijipinda kama upinde, naye akalia na kukaa. Nje watoto wa rika lake walikimbizana. Yar aliwatazama akaona wivu. Tusimlaumu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Dawa aliijua, au alidhani anaijua. Kwao Bor, Sudan Kusini, hakuwahi kuona mtoto wa miguu hiyo. Kule watoto walikunywa maziwa ya ng'ombe. Haya ya mbuzi aliyaona ni maji yenye rangi. Akifumba macho, alisikia harufu ya moshi wa samadi, akaona pembe ndefu zikirudi zizini. Alikutamani kwao sana.

Mumewe, Wal, alikuwa amebaki huko na ng'ombe. Yar alimpigia simu.

"Namleta Ayak anywe maziwa ya kwetu," alisema.

"Njia ni mbaya," Wal alijibu. "Watu wanauawa njiani."

"Na nikikaa huku hatatembea kamwe."

Akafunga mizigo. Namuria alipofika na maziwa, aliikuta mlangoni.

"Mama Ayak, unaenda wapi na hii mtoto? Kwanza enda Lodwar, wapige picha ya mfupa. Sudan itangoja. Yeye pia haina miguu."

Yar alicheka bila kupenda. Siku iliyofuata akaenda Lodwar hospitalini.

Mtoto alipigwa picha ya miguu. Afisa wa lishe, Nakuleu, akawaita ndani.

"Ejok, mama," alimsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok."

"Mtoto ana matege. Mifupa yake ni laini, haina kalsiamu ya kutosha. Kalsiamu ndiyo inafanya mfupa kuwa ngumu. Anakunywa nini?"

"Maziwa, kila siku. Lakini ni ya mbuzi."

"Ya mbuzi iko sawa. Kalsiamu iko ndani. Shida ni kuingia mwilini. Huko kwa utumbo kuna kitu kidogo sana, ni protini. Kazi yake ni kushika kalsiamu na kuipitisha. Hiyo protini ikiwa kidogo, kalsiamu nyingi inatoka na choo."

Yar hakuwa mtu wa kuamini upesi. "Wewe umeiona?"

"Mimi hapana. Macho haiwezi kuona. Lakini umeona maji ya chumvi yakikauka kwa sufuria? Inabaki punje zenye kona. Hizo ni fuwele. Wanasayansi waligeuza hiyo protini ikawa fuwele. Halafu wakapitisha miale ndani yake, miale kama hii imepiga picha ya Ayak. Miale ikatawanyika, nao wakapima jinsi ilivyotawanyika mpaka wakajua umbo."

"Wakaona nini?"

Nakuleu aliinua mkono. Alisogeza karibu kidole gumba na kidole cha shahada, nafasi kidogo ikabaki katikati.

"Umbo kama hii. Kalsiamu inakaa hapa, kama umeshika punje ya mtama."

Yar alivitazama vidole vyake mwenyewe, akafanya vivyo hivyo.

"Sasa mbona ya Ayak ni kidogo?"

"Mwili unaitengeneza ukiwa na vitamini D. Na vitamini D inatoka kwa jua, likigusa ngozi. Mtoto anakaa wapi mchana?"

"Ndani. Jua ya Turkana inachoma. Na vumbi ni mingi."

"Na kwenu, asubuhi watoto walikaa wapi?"

"Nje, kwa zizi. Bila nguo, wamejipaka majivu." Yar akaigusa miguu ya Ayak. Alikuwa ameelewa.

"Kidole kimoja hakivunji chawa, mama," Nakuleu alisema kwa upole. "Maziwa peke yake haiwezi."

Yar alilia palepale. Miezi yote ile alililia ng'ombe, kumbe jua lilikuwa likigonga pazia lake na yeye analizuia.

Alipewa matone ya vitamini D na dawa ya kalsiamu, akaelezwa kiasi cha kumpa mtoto. Aliambiwa amtoe Ayak nje asubuhi, kabla jua halijawa kali, mikono na miguu ikiwa wazi. Aendelee na maziwa ya Namuria, yaliyochemshwa, na ampe samaki wadogo wa ziwani waliosagwa na mifupa yao. Na asikose kurudi kliniki kupimwa.

Nyumbani alifungua mizigo.

Miezi ikapita. Ayak alianza kwa kushika benchi la wateja wa chai. Kisha asubuhi moja aliliachia, akaenda hatua chache hadi kwa mbuzi aliyefuatana na Namuria. Miguu ilikuwa bado na kombo kidogo, lakini ilimbeba.

Hamu ya kwao haikumtoka Yar. Dawa ya hiyo haipo Lodwar. Alimpigia simu Wal, akamwambia mtoto anatembea.

"Kwa hiyo hamji tena?" Wal aliuliza.

"Tutakuja amani ikirudi," Yar alisema. "Lakini sitambeba. Utamwona anakuja kwako kwa miguu yake."