Kapteni Mnara Ni wa Nani?

Jumatatu, Februari 7, 1994, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Verl Tibbets alifungua stoo ya maabara ya filamu mjini Burbank akakuta pengo kwenye rafu ya nne. Kopo la mkanda wa kwanza wa filamu ya Kapteni Mnara halikuwepo. Alikwenda rafu ya nyuma, zinakowekwa nakala, na nakala ya mkanda huo nayo haikuwepo. Mzee Verl alikaa juu ya ndoo, akashika kichwa, kisha akawapigia simu polisi.

Kufikia saa tano walikuwa wameshamkamata Roz Feigelman.

Hawakusumbuka kufikiri sana. Ijumaa iliyopita Roz alikuwa amesimama mapokezi hapo maabara akapiga kelele, mbele ya watu sita, kwamba mkanda ule angeuchoma kwa mikono yake. Baba yake, Saul, ndiye aliyemchora Kapteni Mnara mwaka 1961 kwenye vitabu vya katuni. Wachoraji wenzake waliuza mashujaa wao kwa bei ya chakula cha mchana, lakini Saul alikuwa mbishi, akakataa. Alichokubali, tena uzeeni, ni kuikodisha studio haki ya kumtia shujaa wake kwenye filamu kwa miaka kumi. Sharti lilikuwa moja: kama kamera haijaanza kazi kufikia Desemba 31, 1993, Kapteni anarudi kwa mwenyewe.

Studio ililalia haki hiyo miaka yote kumi. Kisha mwishoni mwa Januari ikaibuka na ripoti kwamba ilianza kupiga picha Desemba 30, siku moja kabla ya mlango kufungwa. Jaji akaamuru mkanda wenyewe uonyeshwe mahakamani Jumatano, saa nane mchana. Na sasa mkanda haupo.

"Sikuuchukua, Inés," Roz alisema mahabusu, macho yamevimba. "Nilisema nitauchoma, ndiyo. Mdomo wangu umeniponza tangu utotoni. Lakini sikuuchukua."

Inés Barragán alikuwa mpelelezi aliyefanya kazi na wakili wa Roz. Kabla ya hapo alikuwa mtunza mfuatano kwa miaka ishirini na miwili, yule mtu anayekaa kando ya kamera kuhakikisha kikombe kilichokuwa mkono wa kulia hakihamii wa kushoto picha ikikatwa. Kazi hiyo ilimwachia macho yasiyojua kupumzika na ndoa iliyovunjika.

"Wakili wa studio anasemaje?" aliuliza.

"Anasema kama sisi ndio tulioharibu ushahidi, jaji atachukua ripoti yao ya karatasi kama ilivyo. Tumekwisha. Na baba yuko hospitali Encino, mapafu yamejaa maji. Daktari anahesabu siku. Kila nikiingia ananiuliza neno moja tu: 'Kapteni amerudi nyumbani?' Nitamjibu nini, Inés? Niambie, nitamjibu nini!"

Inés alitoka pale akiwa na hasira, na hasira ndiyo iliyomfikisha Burbank haraka.

Alimkuta Verl anakula mkate wa samaki wa kopo bila hamu.

"Najua unachowaza," mzee alisema. "Mlango haukuvunjwa, ufunguo ni wangu, basi mwizi ni Verl. Polisi nao wameninusanusa asubuhi nzima."

"Ufunguo unakaa wapi?"

"Pale." Alionyesha msumari ukutani, nyuma ya kalenda. "Miaka kumi na tisa uko pale. Kila mtu anaujua."

"Na Jumamosi na Jumapili ulikuwa wapi?"

"Fresno, kwenye ubatizo wa mjukuu. Muulize mchungaji, alinilaumu kwa kusinzia."

Inés aliingia stoo. Kopo lililoibwa rafu ya nne lilikuwa na lebo ya jina la filamu. Lakini makopo ya rafu ya nyuma hayakuwa na majina, yalikuwa na namba za kazi tu, mamia kwa mamia.

"Mzee Verl, mimi nikiingia humu, nitaijuaje nakala ya Kapteni?"

"Huijui. Labda ukae wiki nzima unafungua makopo."

"Makopo mengine yalifunguliwa?"

Verl aliacha kutafuna. "Hata moja."

"Basi mwizi alikuja na namba mkononi. Nani aliwahi kukuuliza namba hiyo?"

Mzee alifikiri, akapangusa midomo. "Gordon Lusk. Alhamisi. Yule prodyuza wao. Alikuja akauangalia mkanda peke yake kwenye chumba cha maonyesho, akatoka kama mtu mwenye homa. Baadaye akapiga simu akitaka namba ya nakala, eti kwa ajili ya karatasi za mahakama."

Inés alizijua karatasi hizo, wakili alikuwa amempa zote. Hakukuwa na namba ya nakala hata kwenye ukurasa mmoja.

Lakini jambo halikuingia akilini. Mkanda ule ndio uliokuwa ngao ya Lusk. Kwa nini mtu aibe ngao yake mwenyewe? Labda kwenye picha zile kulikuwa na kitu.

Jumanne saa tisa alasiri alikwenda kwa Lurlene Hatch, mtunza mfuatano wa filamu hiyo, ambaye Inés mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Lurlene alifungua mlango nusu.

"Mwalimu, usiniulize kitu. Nikizungumza, sipati kazi tena mji huu."

"Kuna mzee anakufa Encino, na binti yake yuko ndani kwa kosa lisilo lake. Mlipiga picha lini?"

"Kwenye ripoti nimeandika Desemba 30."

"Sikukuuliza uliandika nini."

Lurlene aliinamisha uso. Mwishowe alirudi ndani akaleta daftari na picha moja ya papo hapo, kati ya zile ambazo kila mtunza mfuatano hupiga ili akumbuke nini kilikuwa wapi. "Siwezi kusema. Lakini mwalimu wangu akiangalia daftari langu, hilo si kosa langu."

Picha ilionyesha karakana ya viatu ya Bedrosian, kule Reseda. Mwigizaji alisimama katikati na joho lake la njano. Juu ukutani, karibu na dari, kulikuwa na saa kubwa ya umeme, waya wake unaning'inia. Mishale ilisimama saa kumi na dakika thelathini na moja. Ripoti ilisema picha ilipigwa saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Daftarini, kwa mwandiko mdogo: *Saa ya ukutani: iwekwe saa nne na dakika kumi. Ngazi hakuna. Imeachwa.*

Inés alitia daftari na picha mkobani, akaenda kumtafuta Bedrosian.

Jumatano, Februari 9, saa tano asubuhi, waliingia ofisi ya Gordon Lusk: Inés, wakili wa Roz, na mpelelezi mmoja wa polisi aliyekuja shingo upande. Lusk alikuwa na miaka arobaini, tai imelegea, ndevu za siku mbili.

Inés aliweka picha mezani. "Bwana Lusk, saa hiyo inasema nini?"

Alicheka kidogo. "Ah, mama, na wewe umefanya kazi hii! Saa za kwenye filamu husimamishwa siku zote. Ukiziacha zitembee, picha haziungani."

"Kweli. Ndiyo maana watu arobaini walisimama chini yake siku nzima na hakuna aliyeshtuka. Sote tumezoea saa zilizokufa. Lakini hii hakuisimamisha mtu wenu, mlikosa ngazi, imeandikwa hapa. Jana jioni nimezungumza na Bedrosian. Saa yake ilitembea vizuri, wafanyakazi wake waliingia na kutoka kwa saa hiyo mpaka Ijumaa, Januari 14."

Mpelelezi wa polisi alisogea karibu na meza. Aliitazama mishale, midomo ikihesabu. "Januari 17," alisema taratibu. "Tetemeko la ardhi. Saa kumi na dakika thelathini na moja alfajiri. Kabati la vyombo liliniangukia."

"Tetemeko hilo lilichomoa na waya wa saa ya Bedrosian," Inés alisema. "Picha hii haikupigwa Desemba. Alhamisi ulikaa peke yako ukaitazama, ukaona atakachokiona jaji, maana jaji naye anaishi bonde hilihili lililotikisika. Na siku ya pili Roz akapiga kelele zake, ukapata mtu wa kusingizia wizi."

Lusk alipiga magoti taratibu, akavuta makopo mawili kutoka chini ya kochi, akayakumbatia.

"Tarehe ya mwisho niliiandika Januari 31 kwenye kalenda," alisema. "Badala ya Desemba. Kosa la mwezi mmoja! Studio wangenitupa nje, na Kapteni angekwenda nisikokujua. Nilimjua vitabuni nikiwa na miaka saba, mama yangu akiwa amelazwa. Nilipaswa kuyachoma haya. Jana nilishika kiberiti. Nikashindwa."

"Ila kumwacha binti wa aliyemchora alale mahabusu, hilo uliliweza," Inés alisema.

Saa nane jaji aliuona mkanda, akaitupa ripoti ya studio, na Roz aliachiwa saa tisa na nusu. Waliendesha gari mpaka Encino bila kuongea. Saul alikuwa macho, mdogo ndani ya shuka.

"Amerudi, baba. Kapteni amerudi nyumbani."

Mzee alifumba macho. "Nani aliiba?"

Roz alimweleza yote, na lile la miaka saba, na kiberiti, na pingu alizovishwa Lusk.

Saul alitikisa kichwa juu ya mto. "Miaka kumi walikuwa naye," alisema kwa shida. "Kumbe jengo zima, aliyewahi kumsoma ni huyo mmoja. Na ndiye tuliyemfunga."

Roz alianza kucheka, kisha akalia, mkono wa baba yake mkononi mwake. Mkono ule ulilegea kabla ya giza kuingia.