Mashine ya Mama Phian

Kona ilikuwa moja tu, na tundu la umeme moja. Ndiyo maana tulibishana njia nzima.

"Friji," nilimwambia mume wangu. "Nikirudi kiwandani, maziwa ya mtoto nitayaweka wapi? Kwenye kofia yako?"

"Mashine ya kufulia," Khamsing akajibu. "Wewe hata kijiko kikianguka unaniita mimi nikuokotee. Utafuaje nepi?"

Ana maneno huyo! Ukimpa neno moja anakurudishia matatu, na la tatu lazima liwe la mzaha. Mtaa mzima walimpenda kwa hilo, na mimi pia nilimpendea hilohilo. Laiti ningemziba mdomo siku ile kwa viganja vyangu viwili.

Mimba ilikuwa ya miezi minane. Tulipanga chumba nyuma ya gereji ya pikipiki anakofanyia kazi, pembezoni mwa mji wa Khon Kaen, na mama yangu alikaa chumba cha pili. Kona tulishaipima kwa kamba, kamba iko mfukoni mwa Khamsing. Mama alikuwa ametuonya. Kwetu vitu vya mtoto havinunuliwi kabla hajazaliwa. Wala mtoto hasifiwi. Ukiulizwa habari zake unasema ni kabaya, hakana sura, ili wale wasioonekana wasije wakamtamani. Nikamwambia, mama, mashine si nepi, mashine ni ya nyumba. Akaguna tu, akaendelea kuosha mchele.

Jua lilikuwa linazama tulipofika dukani kwa Mama Phian. Fundi mmoja wa gereji ndiye aliyetuelekeza. Duka la vitu vya umeme vilivyokwisha kutumika, mwisho kabisa wa kichochoro, taa moja mlangoni. Nilitegemea harufu ya kutu na grisi.

Palinukia poda ya mtoto.

"Karibuni, wanangu," alisema. Mwanamke wa makamo, safi, nywele kazifunga nyuma, sketi yake ya kusuka haina hata kunyanzi. Vitu vyake vilikuwa vimepangwa mistari, vimefutwa vinang'aa. Feni zote zilikuwa zinazunguka polepole, na kila alipopita alikigusa kitu kwa kiganja.

"Friji hii ya Bua," alisema. "Alikuwa mpole, Bua. Ile feni ya Tao. Mtundu huyo! Na hii mashine ya Fai."

Nilidhani ni majina ya wateja waliomuuzia. Ungekuwa wewe ungedhani nini?

Akatuonyesha sufuria ya umeme ya kupikia wali. Khamsing akacheka. "Mama, sisi ni watu wa wali wa kunata, unapikwa kwa mvuke kwenye kikapu. Hiyo mama mkwe ataigeuza kigoda."

Mama Phian akatabasamu. Akaniangalia mimi.

"Chukua mashine ya kufulia, mwanangu. Friji ya nini? Maziwa ya mama hayataki baridi. Yatoke ziwani, yaingie mdomoni."

Habari za maziwa tulizungumza njiani, mimi na mume wangu, juu ya pikipiki. Pale dukani sikuwa nimetamka neno hilo hata mara moja.

Nikamvuta Khamsing shati. "Twende," nikamnong'oneza. "Tutarudi kesho." Lakini alishaingia kwenye kupatana bei, na mume wangu akianza kupatana bei hasikii la mtu. Alitoa kamba, akapima mashine. Ikalingana na kona yetu sawasawa. Akalalamika kuhusu mfuniko, akalalamika kuhusu mpira wa maji, akasema yeye ni maskini na mke wake anakula kwa watu wawili. Macho ya Mama Phian yalikuwa tumboni kwangu, kama mtu mwenye njaa anavyotazama chungu kilichoko motoni.

"Mtoto wa nani huyo?" aliuliza.

"Wako, Mama!" Khamsing akasema huku akicheka. "Ukitupunguzia bei, ni wako kabisa!"

Hakucheka. Alifungua kijaluba kiunoni, akatoa sarafu moja nyeusi ya zamani, akaibandika kwenye kiganja cha mume wangu na kuvifumba vidole vyake kimoja kimoja.

"Haya. Bei imepungua."

Feni zote zikasimama.

Na tumboni mwangu... mtoto aliyekuwa akinipiga mateke tangu asubuhi, naye akasimama. Kisha akageuka. Taratibu. Nilimsikia akigeuka mwili mzima, mpaka uso wake ukaelekea kwa yule mwanamke.

Pikapu ya gereji ilikuja kutuchukua, pamoja na mashine na pikipiki. Nilikuwa nimekumbatia tumbo. Khamsing alipiga mluzi njia nzima, na wakati wa kula akamsimulia mama ule mzaha wake kama kitu cha kuchekesha. Tonge la mama likaanguka mkekani.

"Alikupa nini mkononi?"

"Sarafu tu, mama. Ya bahati."

"Mjinga wewe!" Mama alisimama. "Umemuuza mjukuu wangu!"

Hapo Khamsing akaacha kutafuna. Sote tunaijua desturi, ila vijana tunaichukulia kama mchezo wa wazee. Mtoto akizaliwa, siku tatu za kwanza ni mtoto wa pepo. Analazwa kwenye ungo, ungo unatikiswa, mkubwa mmoja anaita: mtoto wa nani huyu, mwenye wake aje amchukue! Ndipo ndugu mmoja mwenye bahati ya watoto anaitikia, "Wangu!" na kutoa sarafu. Mtoto anakuwa amenunuliwa na watu, na pepo hawana tena haki naye. Mama mkubwa Sida ndiye aliyekuwa amepangwa kumnunua wa kwetu. Amelea watoto saba na hakuna aliyemfia.

"Kesho asubuhi mnarudisha mashine na sarafu," mama alisema. "Asubuhi na mapema, mnanisikia?"

Asubuhi hiyo haikutupa nafasi. Uchungu ulinishika alfajiri, mwezi mzima kabla ya wakati wake. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi siku ile niliujua wa aina mbili, wa mwili na wa kutojua ninamzalia nani.

Alizaliwa mzima. Wa kiume, mzuri... mzuri jamani, na sikuthubutu kulisema. Tukamwita Kop, yaani chura, jina la kuwachukiza wenye kutamani. Alilia usiku na mchana. Hakuna aliyeweza kumnyamazisha.

Siku ya tatu tulikuwa nyumbani. Jioni mama akatandika ungo kwa kitambaa cheupe, akamlaza Kop, akaketi nao kizingitini. Mama mkubwa Sida alikuwa mbele yake, sarafu mkononi, mdomo tayari. Walikuwa wamekubaliana aitikie upesi, kabla mama hajamaliza neno la mwisho. Mimi niliegemea ukuta. Khamsing alikuwa amesimama karibu na mashine, ameing'oa waya tangu siku niliyokwenda hospitali.

Mama akatikisa ungo. Mtoto analia.

"Siku tatu mtoto wa pepo, siku ya nne mtoto wa watu!" Sauti yake ilikwaruza. "Mtoto wa nani huyu? Mwenye wake aje amch..."

Mama mkubwa Sida akafungua mdomo.

Hakikutoka kitu.

Nilimwona shingo ikimsimama mishipa. Machozi yakamtoka kwa kujikamua. Midomo yake ilikuwa inasema "wangu, wangu, wangu," na hakuna sauti hata ya pumzi. Kwenye kona, ile mashine isiyo na waya ikaanza kuzunguka. Polepole. Ngurr... ngurr... kama mtu anayembembeleza mtoto kwa koo. Na kutoka mle ndani ikaja sauti tulivu, yenye adabu ya mwenye duka.

"Wangu. Nimeshalipa."

Kop akanyamaza. Akatabasamu.

Mama aliangusha paji la uso kwenye ungo, akalia kama yeye ndiye aliyezaliwa juzi.

Kesho yake, jua likiwa kali kabisa, tulikwenda dukani. Nilitaka kwenda mwenyewe, na mtoto mgongoni, maana ningemwacha na nani? Duka lilikuwa palepale. Mama Phian alikuwa anakula wali wa kunata na samaki wa kuchoma, vidole vinang'aa mafuta. Mtu kabisa. Khamsing akashusha mashine, akaweka sarafu mezani, akapiga magoti chini.

"Mama, nisamehe. Ulikuwa mzaha. Mimi ni mropokaji, muulize yeyote."

"Inuka, mwanangu, utachafua suruali." Hakuigusa sarafu. "Mimi sirudishi. Ulisema mwenyewe, kwa mdomo wako, na mashahidi wapo." Akaonyesha kwa kidevu mistari ya friji na feni.

Niliangalia ile mistari. Bua. Tao. Fai. Kila kitu kilikuwa kimenunuliwa na watu kama sisi, kwa ajili ya chumba kidogo kama chetu, kisha kikarudishwa kama tulivyorudisha sisi.

"Wako wapi hawa watoto?" nilimuuliza.

"Wameshaacha ziwa," alisema.

Akanawa mikono. Akaja, akamtazama Kop mgongoni kwangu, hakumgusa. Kop alimcheka, kile kicheko cha kwanza cha mtoto ambacho mama hukingoja, na mimi nilikisikia kwa mgongo tu.

"Usiniogope," aliniambia kwa upole. "Mimi sina maziwa. Ningekuwa nayo nisingekusumbua. Wewe mnyonyeshe tu, mwanangu, mnyonyeshe vizuri. Sina haraka."

Tulimpeleka kwa mtawa hekaluni. Akamfunga uzi mweupe wa kinga mkononi, akamnyunyizia maji. Uzi ukafunguka wenyewe mbele yake. Akafunga wa pili, ukafunguka. Mzee wa watu akashusha pumzi. "Baba ameuza kwa mdomo wake," alisema. "Mimi nitafungua nini?" Mama anasema kila mtoto ana mama yake wa upande ule, ndiye anayemchezesha usingizini mpaka anacheka peke yake, na kwamba wa watoto wengine hutulia wakishalipwa ile sarafu. Kama Mama Phian ni mmoja wao, au ni mtu aliyejifunza kazi yao, mama hajui. Wala mimi sijui. Ninachojua ni kile alichoniambia: waliochukuliwa ni walioacha ziwa.

Basi nikanyonyesha.

Kiwanda nikakiacha. Kop akatimiza mwaka, miwili, mitatu. Nilikunywa supu ya ua la mgomba ya kuongeza maziwa mpaka nikaichukia, nilikula tangawizi kama njugu. Wanawake wa mtaani walinicheka. "Lamduan, huyo atanyonya mpaka lini? Mpaka aoe?" Nikacheka nao. Ningewaambia nini? Khamsing hakucheka. Mume wangu yule wa maneno matatu, siku hizi ukimuuliza amekula nini anafikiri kwanza ndipo anajibu. Tulihama mara mbili. Kila tulipohamia, jioni, Kop alikwenda kuketi kizingitini akitazama mwisho wa barabara, ametulia, kama mtoto anayejua ndugu yake atatokea upande gani.

Sasa ana miaka mitano. Ziwa la kushoto lilikauka wakati wa mavuno. La kulia linatoa matone, na matone hayo nayakamua kwa machozi. Ni mtoto mwema. Hajawahi kunikosea adabu. Wakati mwingine ananyonya kwa kunihurumia tu, naliona hilo machoni pake.

Leo jioni nilimpakata kama kawaida. Alivuta mara moja, akaachia. Akanifuta kwa kiganja chake. Kisha akaanza kunifunga vifungo vya blauzi, kimoja kimoja, ulimi nje, mpaka cha juu.

"Basi, mama," amesema. "Mimi mkubwa sasa."

Nimembembeleza. Nimelia mbele yake, aibu sina tena. "Kidogo tu, baba. Tone moja. Kwa ajili ya mama."

Amenishika shingo, akaninusa shavu, moja na la pili, kama tunavyowanusa tuwapendao. Halafu akashuka mapajani. Baba yake amesimama mbele ya mlango, ameupanua mwili wake wote, na analia bila sauti.

Kop amekaa chini. Anavaa viatu.