Mikono Mbele ya Mashine

Sema naongopa. Sema sasa hivi, mapema, tumalize. Halafu vaa koti, panda mpaka kijiji cha Miti saa giza linaanza kuingia, shika kale kanjia ka kuelekea shule, ufike kwenye migomba ya Maman Anne-Marie, na useme tena hapo, kwa sauti. Mimi nitakungojea barabarani. Kule sipandi tena, hata unibebe.

Steve unamujua kama weye ni mutu wa Kadutu, mujini Bukavu. Yule mwenye miguu! Kwenye harusi, muziki ukianza, watu walikuwa wanafungua duara wamuachie nafasi, na wamama wanasahau sahani zao. Miguu ile ilikuwa inaongea. Siku za kazi alikuwa chauffeur, dereva wa mashine ya kutoboa visima, ile inayotembea juu ya minyororo ya chuma kama kifaru cha vita. Kiburi chake kingetosha kugawia mutaa muzima na kingebaki.

Jioni ile kazi ilikuwa ndogo. Kamyo ilishusha mashine kando ya barabara, na shule yenye kungoja kisima iko juu ya kilima. Chef Jacques, mukubwa wao wa kazi, alipiga telefone toka Bukavu: mashine isilale chini, vijana watanyonya mazout yote, mafuta ya motere. Ipande leo. Basi walikuwa wawili tu: Steve nyuma kwenye ma-levier, zile fimbo za kuendeshea, na mbele yake Gloire, mwenzake wa kazi. Gloire huyo... kijana mwerevu, mabega mapana, meno meupe. Lakini hadithi si yake.

Sikiliza vizuri hapa, la sivyo utapotea. Mashine ile haina volant, ule usukani wa gari. Iko na minyororo miwili, wa kushoto na wa kuume, na levier mbili, kila moja na munyororo wake. Sukuma zote mbili, inaenda mbele. Ukitaka ipinde kuume, unasimamisha munyororo wa kuume, wa kushoto unaendelea kusukuma, na chuma kizima kinageukia upande uliosimama. Na kama umebanwa mahali padogo, unapeleka mumoja mbele na mwingine nyuma: mashine inajizungusha pale pale, kama mutu anayecheza peke yake. Steve alipenda hiyo kuliko zote.

Shida ni macho. Chauffeur anatembea nyuma, na mulingoti umelala juu ya mashine, unamuzibia njia. Anachoona ni mutu aliyesimama mbali kidogo mbele ya taa, kifua na mikono tu. Mukono ukiinuka upande huu, unasimamisha munyororo wa upande huu. Mikono yote miwili ikikuita, unaenda. Chauffeur hafikiri. Mukono wa mbele unasema, mukono wa nyuma unafuata.

Hivyo walipanda. Mpaka kwenye migomba.

Pale njia inakuwa nyembamba sana. Upande mumoja korongo. Upande mwingine kaburi la Muzee Bulonza, mawe yamezungushwa na musalaba wa mbao, karibu kabisa na njia. Na katikati ya njia alikuwa amesimama mujane wake, Maman Anne-Marie, na kibuyu cha kasiksi mukononi, ile pombe ya ndizi. Hakusogea hata mashine ilipomupigia taa usoni.

"Mutapita," alisema. "Lakini mumumwangie kwanza. Njia ni yake. Kila mwenye kupitisha mzigo hapa anamumwangia."

Steve akashika kibuyu. Akanusa. Akakiinua na kunywa, mpaka povu likamushuka kwenye kidevu.

"Maman, muzee wako alishakufa," alisema, akipangusa mudomo. "Mwenye kiu ni mimi."

Gloire alicheka. Alicheka sana.

Mama hakupiga kelele. Alichukua kibuyu chake, akakipindua juu ya mawe. Hakikutoka kitu. Akamuangalia Steve kuanzia viatu, polepole, kupanda.

"Hiyo miguu yako, mutoto. Hautashuka nayo."

"Nitashuka nayo nikicheza, maman!"

"Tutaona ni nani atakuendesha."

Akaenda zake.

Ukungu ulikuwa unashuka toka mulima Kahuzi. Baridi iliingia ndani ya koti kama mwizi. Steve akasukuma levier, mashine ikalia, minyororo ikaanza kusaga mawe... kra, kra, kra. Harufu ya mazout. Halafu, chini yake, harufu nyingine. Ndizi zilizochacha na udongo wa kuchimbwa leo.

Mbele, ndani ya ukungu, mikono ikainuka.

Ilikuwa mikono ya mutu anayejua. Upande wa kuume, Steve akasimamisha. Upande wa kushoto, akasimamisha. Ita, ita kidogo. Acha. Hajawahi kuongozwa hivyo. Mashine ilipita kando ya mawe ya kaburi ikiwa karibu kuyalamba, na haikugusa hata moja.

"Gloire!" Steve alipaza sauti. "Weye leo umekuwa mutu!"

Mikono ikaita tena.

Motere ikazimika.

Hakuna aliyeigusa. Taa ikabaki inawaka, na kimya kikaanguka kizito, hata wadudu walinyamaza. Ndani ya ukungu mikono ilikuwa bado juu.

"Shusha mikono, ndugu. Imezimika."

Haikushuka. Mukono wa upande wa kuume ukapanda zaidi...

Muguu wa kuume wa Steve ukasimama.

Alidhani amenasa kwenye matope. Akavuta. Muguu haukuwa wake tena. Na ule wa kushoto ulikuwa unatembea. Ulitembea bila ruhusa yake, hatua, hatua, ukimuzungusha. Korongo. Migomba. Kaburi. Korongo. Migomba. Kaburi.

Pale pale. Kama mashine.

"Gloire, wacha mchezo!" Sauti yake ilipasuka kama ya mutoto. "Gloire, ninakuomba... shusha mikono!"

Ni katika kuzunguka huko alipoiona vizuri. Mukono mumoja ulikuwa na vidole vitatu.

Mikono ikamuita. Yote miwili, polepole, namna ya kuita mashine.

Miguu yote miwili ikaenda. Ilimupeleka moja kwa moja mpaka kwenye mawe ya Muzee Bulonza, ikamupigisha magoti. Na tumbo lake likafunguka. Kasiksi yote ikatoka juu ya kaburi, baridi, na povu lake, kama ndio kwanza inamwangwa.

Udongo uliinywa. Steve aliusikia ukinywa.

Alishuka kilima kwenye mugongo wa Gloire. Walipopita mbele ya nyumba ya Maman Anne-Marie, alikuwa amesimama mulangoni.

"Angalia utelezi," alimuambia Gloire.

Madaktari hawakuona chochote. Mifupa mizima, mishipa mizima. Chef Jacques alileta chauffeur mwingine, naye alimwangia kaburi bidoni nzima mbele ya watu wote, akapanda bila shida. Leo shule inakunywa maji.

Na Steve? Muchana anatembea, hata sokoni anaenda. Lakini giza likianza kuingia Kadutu, muguu wa kuume unasimama. Wa kushoto unaendelea. Dada yake Joviale anamushika kiunoni kwa nguvu zote, na bado anageuka naye, polepole, mpaka uso unaelekea upande wa Miti. Hapo miguu inatulia. Kama inangoja kuitwa. Kwenye harusi hawamualiki tena.

Gloire alirudi mara moja kule juu, muchana kweupe, na kibuyu, kumuombea mwenzake musamaha. Maman Anne-Marie alimusimulia akiwa amesimama, bila kumupa kiti. Muzee Bulonza alifanya kazi ya shamba kubwa la kule chini maisha yake yote: kusimama mbele ya tractere na kuonyesha njia kwa mikono. Siku moja chauffeur kijana alikuwa anacheka na wenzake, haangalii. Tractere ikachukua vidole viwili. Mwaka uliofuata, kijana yule yule, kicheko kile kile... ikamuchukua Muzee muzima.

"Na siku ile yenu," aliuliza, "nani alikuwa mbele ya mashine?"

"Ni mimi, maman."

Akamushika mikono. Akaigeuza. Akapitisha kidole chake juu ya kila kidole, kimoja baada ya kingine, mpaka mwisho. Akaiachia kama imemuunguza.

"Weye? Na hivi vyote?"

Akafunga mulango. Kibuyu kikabaki nje.

Sasa ngoja. Kuna kipande niliruka.

Gloire ni mimi. Hiyo mulishaijua, nani mwingine ana mabega ya hivi? Hospitalini Steve aliniuliza, "Ndugu, ulikuwa unanionyesha nini?" Nikamujibu, "Pole, nilikosea." Kazini wote wanajua nilikosea. Jacques alinitukana mpaka akachoka, nikainamisha kichwa. Mimi! Ilikuwa rahisi kukubali.

Sikukosea. Sikuonyesha kitu.

Baridi ilikuwa kali, na nilikuwa bado ninacheka mambo ya kibuyu. Nikasema ngoja nimuchokoze, nimuache atafute njia peke yake, anitukane kidogo. Nilirudi kinyumenyume mbele ya taa, mikono yangu miwili ndani ya mifuko ya koti. Nilingoja matusi. Hayakuja. Mashine ilikuwa inapinda vizuri, vizuri kabisa, na Steve ameniangalia mimi, anatabasamu, anafuata.

Nikageuka nyuma.

Taa ilikuwa imetupa kivuli changu juu ya migomba. Kirefu. Kimesimama kama mimi, na koti kama langu.

Kimeinua mikono.

Ningeweza kupiga kelele. Mudomo ulikataa. Nilisimama pale mpaka mwisho, vidole vyangu vyote kumi nikivifinya mufukoni, na Steve akiniomba niishushe.

Tangu jioni ile siweki tena mikono mufukoni, hata mvua inyeshe. Ninataka niione iko wapi.